Kontroli na Namba Tatu

Mama Shamsa,

Duka bado liko wazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Printa kubwa inang'ang'ania karatasi kama zamani, ukiigonga ubavuni inaachia. Kompyuta zote tatu zinafanya kazi. Leo ni Jumamosi, kuna mechi hapo uwanjani, na wateja hawatakuja mpaka watu watawanyike. Nimeshafagia. Nimekaa kwenye kiti chako.

Kuna mambo nataka uyasikie kutoka kwangu, na nitayapanga kwa mfuatano kama ulivyokuwa unapenda. Kubwa kuliko yote ni kwamba nilivunja ahadi niliyokupa. Nilimwambia Shamsa. Nitakueleza ilivyokuwa.

Nilipokuja kwako nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu na nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nishuke kutoka Kasulu, naishi kwa shangazi hapa Chamazi. Siku ya kwanza ulichomoa mausi kwenye kompyuta yangu, ukaizungushia waya wake, ukaifungia kwenye droo. Ukasema, "Mwezi mzima hutaigusa." Nilidhani ni adhabu. Nikamwambia shangazi kwamba nimepata bosi mwenye roho mbaya.

Ulikuwa umepiga chapa ofisini mjini miaka mingi kabla kompyuta hazijaja, na ulipostaafu ukafungua steshenari hii. Vidole vyako vilikuwa havitafuti herufi. Kompyuta zako ulizipanga kwa Kiswahili, na zenyewe zinaita kichupo kile ambacho sie wengine wote tunaita tab. Wateja walikuwa wanacheka. "Wacheke," ulisema, "hawatalisahau." Kwa hiyo nami nikajifunza hivyo. Kontroli na T, kichupo kipya. Kontroli na W, kinafungwa. Kontroli na N, dirisha jipya kabisa. Alti na kile kitufe cha Tab, unatoka dirisha la mteja huyu unaingia dirisha la yule. Na kontroli na namba, unaruka moja kwa moja hadi kichupo unachokitaka, bila kutafuta.

Wiki ya pili nilifunga kichupo cha baba mmoja aliyekuwa anajaza maombi ya kazi tangu asubuhi. Kurasa nne. Nilibonyeza W bila kufikiri. Yule baba alikuwa amekaa pembeni yangu na miwani yake mkononi, hajajua bado. Wewe ulikuwa kwenye kompyuta yako, hukugeuza hata shingo. Ukasema taratibu, "Kontroli, shifti, T." Kichupo kikarudi, na karibu majibu yote yalikuwa yamo. Baba yule aliondoka bila kujua chochote. Ulipomkabidhi karatasi zake uliniangalia, ukatabasamu kidogo tu. Siku ile niliacha kuitaka mausi.

Ulikuwa na mpangilio wako ambao haukubadilika. Kichupo cha kwanza barua pepe ya duka. Cha pili ukurasa wa maombi ya vyuo. Cha tatu fomu ya mteja aliyepo kwenye kiti. Cha mwisho redio, kwa sababu kontroli na tisa hukupeleka kwenye cha mwisho hata vikiwa vingapi. Kaswida asubuhi, taarabu baada ya chakula. Maandishi yako yalikuwa makubwa, ulikuwa unabonyeza kontroli na alama ya kujumlisha mara tatu, nne, mpaka neno moja linajaza nusu ya kioo. Nilidhani ni umri.

Kisha ikaja ile siku ya vyeti. Msimu wa maombi ya vyuo, watu wamejaa hadi nje kwenye benchi. Uliingia ndani kuswali adhuhuri, nami nikashika kompyuta yako kidogo. Niliona vichupo vimekaa ovyo, nikavivuta na kuvipanga upya kwa jinsi nilivyoona mie ni vizuri. Nilitaka kukusaidia. Uliporudi ulikaa, ukabonyeza kontroli na tatu kama kawaida, ukaanza kuambatisha vyeti vya binti aliyekuwa mbele yako. Vikaingia kwenye fomu ya kijana mwingine kabisa, aliyekuwa ameenda kutafuta kitambulisho chake. Nilipita nyuma yako nikaona jina lake juu ya kioo. Nikasema, "Mama Shamsa, hiyo si fomu yake." Ukaniuliza mbele ya watu wote, "Nani amegusa vichupo vyangu?" Sauti yako ilikuwa kali. Na mie, kwa aibu, nikakujibu vibaya. Nilisema, "Si ungeangalia tu? Jina lipo hapo juu!"

Uliondoa vyeti, ukavirudisha mahali pake, ukaendelea na kazi mpaka mteja wa mwisho.

Walipoondoka ulichukua karatasi moja ya A4 kwenye printa, ukaizungusha ikawa kama bomba jembamba, ukanipa. "Weka kwenye jicho. Hilo jingine lifumbe. Sasa nitafutie mlango." Nilitafuta. Niliona rafu, nikaona kalenda, nikaona kipande cha feni. Mlango ulikuwa mkono wangu wa kulia, hatua mbili. "Mie naonaga hivyo," ukasema. "Katikati naona. Pembeni hakuna kitu. Mshale wa mausi ukinitoka katikati, siujui tena uliko. Lakini vitufe haviendi popote."

Nilikuwa nimekaa nawe zaidi ya mwaka. Sikuwa nimejua.

Nikakuuliza kama Shamsa anajua. Ukasema, "Shamsa asijue. Akijua atanipeleka kwake Sinza, nikae sebuleni niangalie tamthilia, na duka litakufa. Niahidi, Anitha." Nikaahidi. Sikuchukua hata dakika moja kufikiri. Nilikuwa najisikia vibaya kwa jinsi nilivyokujibu, na ahadi ilikuwa njia rahisi ya kuomba radhi.

Baada ya hapo nikawa mtu wako wa kukuficha. Nilihakikisha hakuna anayegusa vichupo. Mteja akikunyooshea fomu kwa pembeni, nilikuwa naipokea mie. Tukivuka barabara nilikuwa natembea kulia kwako, upande uliokuwa mbaya zaidi, tunaongea, na aliyetuona alidhani ni mazungumzo tu. Tulifanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Tulikuwa hodari. Nasema hivyo bila kujisifu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Wino wa printa ulikuwa umeisha na duka la wino liko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa namchapia mwalimu mmoja mtihani. Ulisimama mlangoni na mkoba wako. Nikasema, "Nisubiri kidogo, namalizia." Ukasema, "Barabara yenyewe iko kimya." Ukatoka.

Nilisikia honi, kisha kishindo, kisha watu. Sitaandika zaidi ya hapo. Ulifariki mchana ule ule hospitalini, Shamsa akiwa njiani. Tulikuzika kesho yake baada ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi. Wengine niliwafahamu kwa majina ya kwenye fomu zao.

Mwenye bodaboda aliyekugonga anaitwa Rajabu. Unamjua kwa sura, yule mrefu mwenye koti la kijani anayeegesha karibu na genge la mboga. Mtu mzima, ana mke na watoto watatu. Watu walitaka kumpiga pale pale, wakazuiwa, polisi wakamchukua. Msibani hakukuwa na habari nyingine. Alikuwa mbio, alikuwa anachezea simu, alikuwa amelewa asubuhi, kila mtu alikuwa na lake. Mama anayeuza chapati pale kona ndiye alisimulia kile Rajabu alichokuwa anakisema wakati anakamatwa, na alikisimulia ili tuone jinsi anavyodanganya. Alikuwa anasema, "Aligeuka kabisa upande wangu. Nikajua kaniona. Nikapita."

Wanawake wote kwenye mkeka wakaguna. Mie nilikuwa namenya vitunguu. Niliendelea kumenya.

Nilijua kwamba alikuwa anasema kweli. Uligeuka, kwa sababu ulikuwa unageukaga kila mara, shingo nzima, ili kile kitundu cha katikati kipate kupita barabarani. Na kitundu kilipita bila kumkuta. Hilo nililijua peke yangu katika watu wote waliokuwa pale, na nilikaa nalo hitma ikaisha, mkeka ukakunjwa, nikarudi kwa shangazi. Nilijiambia kwamba ahadi ni ahadi na mwenye nayo ameshakufa, hawezi kuniachilia. Nilijiambia pia kwamba nikisema, watauliza nilikuwa wapi. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi.

Wiki ya pili Shamsa alikuja dukani. Alikuwa na uso mkavu, kama wako unapokuwa na kazi nyingi. Alitaka kujua kilichopo, nini kifungwe, nini kiuzwe. Tukiwa tunahesabu rimu za karatasi alisema, "Yule mtu nataka afungwe miaka mpaka watoto wake wamsahau." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikaweka rimu chini. Nikamwambia, "Dada Shamsa, mama alikuwa haoni pembeni."

Hakunielewa mwanzoni. Nikarudia. Akasema, "Anitha, mama yangu alikuwa anachapa haraka kuliko wewe. Nimekaa hapa nimemwona mwenyewe, anaruka ukurasa huu, anarudi ule, haangalii hata vidole. Usije ukamtetea yule mtu kwa kumsingizia marehemu."

Nikaona maneno hayatatosha. Nikamkalisha kwenye kompyuta yako. Sikuwa nimefunga chochote tangu siku ile, kila usiku nilizima kioo tu. Nikazungusha karatasi, nikampa, nikamwambia afumbe jicho moja. Nikaweka mausi mkononi mwake. Nikasema, "Nenda kwenye kichupo cha tatu."

Alijaribu. Mshale ulimpotea papo hapo. Alizungusha kichwa kama kuku anayetafuta sauti, akaupata, ukampotea tena. Akavipata vichupo juu ya kioo, akapoteza mshale. Alianza kukasirika. Nikautoa mkono wake kwenye mausi, nikauweka kwenye kontroli, kidole cha pili kwenye tatu. "Bonyeza." Ukurasa ukaja. Nikampeleka kwenye alama ya kujumlisha, herufi zikakua mpaka zikaingia ndani ya bomba lake la karatasi. Akasoma neno moja, akasoma linalofuata. Kisha mwenyewe, bila kuambiwa, akabonyeza kontroli na moja. Na mbili. Na tisa. Ukurasa wa redio yako ukafunguka, na jina la kaswida ya mwisho uliyosikiliza bado limeandikwa pale.

Aliondoa karatasi kwenye jicho. Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia, kwa sababu nadhani hukulijua. Kwenye harusi ya binamu yake, muda mfupi baada ya talaka yake, alikuwa amekaa meza ya pembeni. Alikupungia mkono. Ulimtazama, akasema, ulimtazama hasa, kisha ukageuka ukaendelea kuongea na wifi yako. Aliondoka kabla ya chakula. Akakaa miezi miwili bila kuja kwako, na akija alikuwa haketi. "Nilijua ananionea aibu," akasema. "Miaka miwili nimejua hivyo."

Alilia kidogo, akafuta uso kwa mtandio. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Siku tano hakupokea simu yangu. Nilifungua duka kila asubuhi nikiwa sijui kama bado nina kazi.

Siku ya sita alipiga mwenyewe. Alikuwa amepekua kabati lako akakuta kadi ya kliniki ya macho chini ya vitenge, imeandikwa jina lako, na tarehe ya kurudi ambayo hukurudi. Ilikuwa ya kabla mie sijaja. Kwa hiyo ulishaambiwa. Ugonjwa wenyewe umeandikwa pale, presha ya macho. Aliniambia nivae vizuri, tunaenda polisi.

Tulikwenda na mjomba Athumani, kaka yako. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia "marahaba" akiangalia pengine. Mpaka leo anaitikia hivyo. Sijamlaumu.

Afande aliyeandika maelezo yangu alikuwa na kompyuta na anachapa kwa kidole kimoja. Nilimweleza yote: karatasi, vichupo, namba, upande wa kulia, barabara. Aliandika polepole. Nilipofika kwenye hadithi ya yule baba na kurasa zake nne, alisimamisha kidole. "Ngoja. Hiyo ya kurudisha kilichofungwa ni ipi?" Nikamwambia. Akageukia kioo chake, akabonyeza, akasema "Alaa!" kwa furaha ya kweli, akaita mwenzake aje kuona. Shamsa aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimwone anakaribia kucheka. Nadhani ungependa kujua hilo.

Rajabu aliachiwa wiki ile. Baadaye tukaambiwa jalada limefungwa. Alikuja nyumbani kwako na mke wake kutoa pole, wakakaa ukingoni mwa kochi kama watu wanaosubiri kufukuzwa. Shamsa aliwapa chai. Rajabu hakuigusa kwanza. Akasema, "Dada, mie sikuwa mbio kama walivyosema. Ila mwendo nilikuwa nao. Ningepunguza." Shamsa akamjibu, "Na mama alikuwa haoni, na akatoka peke yake. Yote ni kweli." Hawakukumbatiana wala nini. Wakanywa chai, mke akaosha vikombe, wakaondoka. Siku hizi Rajabu akipita mbele ya duka anazima injini, anaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka avuke. Sijui ataacha lini.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Ile kadi ilikuwa na maandishi ya daktari nyuma: watoto na ndugu wa damu wapimwe. Shamsa aliyasoma mara nyingi kabla hajaenda. Alikwenda akiwa na uhakika kwamba ni mzima, kwa sababu haoni tofauti yoyote. Wakampima. Jicho la kulia limeshaanza. Ukingoni kabisa, kidogo, mtu hawezi kujua mwenyewe. Wamempa dawa ya matone ya kila siku na tarehe za kurudi. Daktari amesema haitarudisha kilichopotea, ila amewahi, na akifuata dawa anaweza kuzeeka na macho yake.

Aliponieleza nilikuwa namkatia mteja picha za pasipoti. Nilimaliza kukata. Nikaenda nyuma, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikakukasirikia. Sijawahi kukukasirikia hivyo ukiwa hai. Ulikuwa na ile kadi miaka yote. Ulikuwa unajua kusoma. Ulifikiria duka, ukafikiria kiti chako na redio yako, na sebule ya Sinza usiyoitaka, na hukugeuza karatasi. Na mie nikawa nakupangia vichupo.

Hasira imepungua. Haijaisha, nakwambia ukweli. Lakini nimekaa na kazi yako mikononi mwangu kwa miezi sasa na naelewa kidogo kilichokufanya usitake kuiachia. Mtu anaingia mlangoni amechanganyikiwa, anatoka na fomu yake imekamilika. Wewe ulikuwa unaona kipande tu cha kioo na bado watu walikuwa wanasafiri kutoka Mbagala kukufuata wewe. Hilo nalo ni kweli, na nimemwambia Shamsa pia.

Duka halitauzwa. Shamsa anafundisha wiki nzima shuleni kwake, Jumamosi nyingine anakuja. Ananiita Anitha kama zamani, lakini kuna siku ananyamaza ghafla na najua anafikiria nini. Simharakishi. Ameomba nimfundishe vitufe vyote, na amevishika haraka. Anasema anajifunza kwa ajili ya kazi.

Nakuaga hapa, Mama Shamsa. Mola wako akupokee kwa upole kuliko mimi nilivyokuandikia. Ahadi uliyoniomba sikuitimiza, na sitakuomba radhi kwa hilo. Ninayokupa leo hukuiomba. Siku Shamsa atakaponishika mkono na kuniambia nimfichie jambo la macho yake, nitakataa hapo hapo, hata akinifukuza.

Mimi,
Anitha